Sharti la Kuvuka Bwawa

Chuo kile kilikuwa na sharti moja ambalo hakuna aliyejua nani aliliweka wala kwa nini. Kila anayetaka shahada ya kwanza, awe anasomea hesabu, ualimu au utawala, lazima avuke bwawa la kuogelea la chuo, ukuta hadi ukuta, bila kusaidiwa na bila kushika kitu. Wapo waliosema mkuu wa kwanza wa chuo alikuwa mpenda michezo. Wengine walisema alijenga bwawa, akaona watu hawalitumii, akakasirika. Vyovyote iwavyo, sharti lilikaa kwenye kitabu cha kanuni pamoja na mengine yote, katikati ya mafunzo kwa vitendo na utafiti wa mwisho, na hakuna kikao kilichowahi kupata nafasi ya kulifuta.

Taabu ni kwamba bwawa lenyewe lilikauka. Pampu iliharibika, vigae vikapasuka, maji yakaenda zake, na fundi akawa kila mwaka yuko njiani. Sharti halikukauka. Basi chuo kikafanya kama wafanyavyo watu wenye akili wanapobanwa na kanuni. Wanafunzi waliteremka bwawani kwa ngazi ya chuma, wakajipanga ukutani, na kocha alipopuliza kipenga wakalivuka kwa miguu huku wakipiga mikono hewani, kulia, kushoto, wakigeuza shingo upande kama watu wanaovuta pumzi. Kocha alikuwa mkali. Aliyesahau kuvuta pumzi alirudishwa mwanzo. Walicheka, wakapigana picha, wakatiwa sahihi, wakaenda kuvaa majoho. Kocha wakampa jina la Nchi Kavu, naye alilipokea kwa roho safi, maana alikuwa mtu mpole asiyependa makuu.

Aliyekuwa bado hajavuka, mwaka ule wa mwisho, alikuwa Mama Mashuka.

Jina hilo alilipata hospitalini, ambako alisimamia chumba cha kufulia. Mashuka ya wodi zote yalipita mikononi mwake, yakiingia machafu na kutoka yamenyooshwa, na mashine kubwa zikianza kunguruma vibaya alizijua kwa mlio tu. Jioni akitoka kazini alikwenda chuoni kusomea utawala, amekaa mstari wa mbele, macho mazito, mikono ikinuka sabuni. Alisoma hivyo miaka mingi kuliko alivyopenda kuhesabu. Alianza bintiye akiwa bado shule, na binti naye akaja kumfikia, akaingia chuo kilekile, masomo ya mchana, mpaka wakajikuta mama na mwana wanatarajia kuhitimu siku moja.

Ungedhani jambo hilo liliwafurahisha sawasawa. Mama lilimfurahisha. Binti lilimfurahisha pia, ila chuoni hakuwahi kumtaja mama yake kwa mtu. Walitumia majina tofauti, mama la baba yake mzazi na binti la baba yake, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Nyumbani binti ndiye aliyekuwa mwalimu wa kompyuta wa mama yake, na alifundisha kama wafundishavyo vijana wengi, kwa kuvuta pumzi ndefu na kumnyang'anya mtu kipanya.

Siku moja mezani, baba wa nyumba akiwasifu wote wawili, binti alisema, "Aa, baba, shahada ya mama ni ya jioni bwana. Wa jioni wanasukumwa tu wapite. Mwalimu naye ana usingizi, anataka kwenda kulala."

Walicheka wote. Mama Mashuka alicheka kuliko wote, akainuka kutoa sahani. Jikoni alisimama mbele ya bomba kwa muda bila kulifungua. Neno lile lilimchoma, na lilikaa ndani yake kama mfupa wa samaki.

Kuvuka bwawa aliahirisha kwa sababu ya aibu tu. Aliwahi kuchungulia siku vijana wanavuka, akaona mtu mzima na heshima zake hawezi kutembea shimoni akipiga mikono kama kuku anayekimbizwa. Akasema atakwenda mwishoni, siku watu wachache. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Muhula wa mwisho ulipoanza, chuo kilipata naibu msajili mpya, mtu wa kupenda vitu vitengenezwe, na fundi aliyekuwa njiani miaka yote akafika. Mama Mashuka alipopita uwanjani jioni moja, alikuta bwawa limejaa hadi ukingoni, maji ya buluu, yametulia, yanamtazama.

Yeye maji aliyajua hadi kwenye viwiko. Zaidi ya hapo hakuyajua kabisa.

Alimtafuta Nchi Kavu, akamkuta amesimama pembeni ya bwawa, mbali kidogo na ukingo, mikono nyuma.

"Kocha, nimebaki mimi."

"Ndiyo, mama. Umebaki wewe na haya maji."

Wakaanza mazoezi siku za mapumziko yake. Kocha alijua kuogelea kwa maneno kupita mtu yeyote. Alieleza kifua, mapaja, vifundo vya miguu, mahali pa kuweka kidevu. Mama Mashuka alivaa suruali ya zamani na fulana, akateremka, akajiachia, akafanya kila alichoambiwa, akazama moja kwa moja mpaka akakaa kwenye vigae. Alipofumbua macho aliona juu yake mti wa wavu wa kuokotea majani unamtafuta, unamgonga bega. Akaushika, akavutwa, akatoka akikohoa maji puani.

"Kocha! Mbona hukuruka?"

"Niruke niende wapi?"

"Uniokoe!"

Nchi Kavu alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Mama, mimi mwenyewe sijui. Walivyoniajiri, bwawa lilikuwa kavu. Kwenye usaili hakuna aliyeniuliza mambo ya maji. Ningeruka, tungezama wawili, na sahihi angeweka nani?"

Mama Mashuka alimtazama kwa hasira, na hasira ikamshinda kuendelea, akaanza kucheka. Alicheka huku akikohoa mpaka kocha akaanza kumpigapiga mgongo.

"Ndiyo maana nasema," kocha aliendelea alipoona ametulia, "lete karatasi yako nikutilie sahihi yaishe. Wenzako wote nimewatilia."

"Wenzangu walivuka."

"Walivuka nini, mama? Vumbi?"

Nyumbani binti aliposikia alisema vilevile. "Chukua sahihi, mama. Ubishi wa nini? Mimi mwenyewe nilitembea."

"Ili uje useme nilisukumwa?"

"Jamani, nilikuwa natania!"

"Mimi sitanii."

Hapo ndipo ubishi ulipoanza kwa kweli, maana mwanamke yule alikuwa mgumu akishaamua, na alikuwa ameamua kwamba katika masharti yote ya shahada yake hakutakuwa na hata moja alilopewa kama sadaka. Mitihani aliifanya. Utafiti aliuandika. Bwawa nalo atalivuka, akizama azame.

Kilichomsaidia hakikuwa maneno ya kocha. Kazini, siku moja, alikuwa anaangalia mashuka yanavyoingia kwenye pipa la kulowekea. Lililotupwa limefumbatwa lilikwenda chini. Lililotandazwa lilikaa juu, limebeba hewa tumboni, mpaka alisukume kwa mti. Jambo hilo alikuwa ameliona kila siku bila kulifikiria. Safari iliyofuata bwawani hakujikunja kama anayepigana. Alilala chali juu ya maji, akanyoosha mikono na miguu, akatazama mawingu, na maji yakambeba. Masikio yalijaa, sauti ya kocha ikawa inatoka mbali kama ya jirani nyuma ya ukuta. Akaanza kuchezesha miguu. Akasogea.

Hakuwa mrembo akiogelea. Alikwenda upande kama mlevi, akapiga maji kwa kisigino, akapumua kwa kelele. Lakini alikwenda.

Siku ya kupimwa, naibu msajili alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamume mwembamba wa miwani, na bwawa lile lilikuwa kazi yake ya kwanza kuonekana, kwa hiyo alitaka kuona mtu ndani yake. Akaketi mwisho wa bwawa chini ya mwavuli. Mama Mashuka akalala chali, kipenga kikalia, akaenda. Kwa kuwa alitazama juu, hakuona ukuta unakuja, akaujua alipougonga kwa kisogo.

"Umefika, mama!" kocha alipiga kelele, na machozi yalimlengalenga, sijui kwa furaha au kwa woga ulioisha.

Naibu msajili alisimama akapiga makofi. Alimpa mkono wa kumtoa. Mama Mashuka alisimama anachuruzika maji, kisogo kinauma, na moyo umemjaa. Kwa mara ya kwanza tangu mezani kule, alijiona mtu kamili.

"Safi sana," alisema naibu msajili. "Hivi ndivyo inavyotakiwa." Kisha akamgeukia kocha. "Lakini niambie, miaka yote ile bwawa limekauka, wanafunzi walivuka vipi?"

Kocha alitazama viatu vyake. Laiti Mama Mashuka naye angetazama vya kwake. Lakini sifa ni tamu, na mdomo huponza kichwa.

"Kwa miguu," alisema. "Wengine wote walivuka kwa miguu. Mimi nimevuka kwenye maji."

Alisema akicheka. Naibu msajili hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

Tangazo lilibandikwa kesho yake. Waliokwisha kuhitimu, yaliyopita si ndwele, wabaki na majoho yao. Lakini wa mwaka huu, wote, wavuke upya ndani ya maji kabla ya mahafali. Atakayeshika ile kamba ya maboya iliyotandazwa majini kando ya ukingo arudi nyuma ya foleni ajaribu tena. Atakayeshindwa tena, aje mwakani.

Binti alirudi nyumbani siku hiyo hajavua hata mkoba begani. Alisimama mlangoni.

"Kuna mama mmoja wa jioni," alisema polepole, "amemwambia naibu msajili kwamba tulitembea. Chuo kizima kinamtafuta kwa tochi. Niambie si wewe."

Mama Mashuka alikuwa anakunja nguo. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ni mimi."

"Kwa nini, mama? Ulikuwa umeshavuka! Umeshapata chako! Ulikuwa na haja gani ya kusema?"

Jibu lilikuwepo, na lote lilikuwa baya. Alikuwa amesema kwa sababu ya maringo. Alikuwa amesema kwa sababu mtoto wake mwenyewe alimdharau mbele ya baba yake, na alitaka angalau mtu mmoja mwenye cheo ajue tofauti. Hakusema lolote kati ya hayo. Alisema, "Twende bwawani. Nitakufundisha."

Walikwenda, kila jioni ya wiki ile. Kocha aliwaacha, akasimama kando na mti wake wa wavu. Lakini binti hakutaka kulala chali. Alisema hivyo ni vya wazee. Alikuwa ameangalia video kwenye simu, watu wanalala kifudifudi wanapasua maji kama kisu, naye alitaka hivyohivyo. Mama alisema lala, nimekushika mgongo. Binti alisema niache, mama, naweza mwenyewe. Akapiga mikono vizuri, kwa kweli vizuri kuliko mama, mpaka pumzi ilipomwishia katikati ya bwawa, akashika kamba. Kila siku katikati, kila siku kamba. Ukaidi huo ungeshangaza, ila maji hufuata mkondo, na mama yake alikuwa ameketi palepale ukingoni.

Siku yenyewe foleni ilianzia kwenye ngazi ya chuma ikazunguka uwanja. Vijana walisimama wamejikumbatia, wengine wanatetemeka, wengine wanafanya mzaha wa watu wenye hofu. Mama Mashuka alikuja amejipanga kumwambia naibu msajili kwamba ana mtoto kwenye foleni ile. Alimkuta chini ya mwavuli wake. Kabla hajafungua kinywa, naibu msajili alisimama kumpokea.

"Mama, nilikuwa nakutafuta. Kutoka hapa mwisho siwezi kutofautisha anayeshika kamba na anayepiga maji. Kocha simwamini tena, samahani, kocha. Nataka wewe usimame pale katikati, upande wa kamba. Akishika, puliza." Akamvisha kipenga shingoni. "Wewe ndiye mtu pekee hapa ambaye najua hatanidanganya."

Angesema hapo. Alifungua mdomo aseme. Lakini maneno yale ya mwisho yalimwingia vizuri, kama chai ya moto asubuhi ya baridi, na akajiambia binti atavuka tu, leo ndiyo leo, mtu akibanwa huweza. Akaenda kusimama katikati.

Kazi aliifanya sawasawa. Wengi walivuka, kwa mitindo ambayo hata kocha hakuwa na majina yake. Mmoja alivuka analia. Akaingia kijana mrefu, mwembamba, wenzake wakimwita Mlingoti. Alikwenda vizuri hadi katikati, akapepesuka, na vidole vyake vikagusa kamba. Viligusa tu, kama mtu anavyogusa ukuta gizani, vikaachia. Mama Mashuka akapuliza.

"Mama, nimegusa tu!" Mlingoti alilia kutoka majini. "Sikushika!"

"Kugusa ni kushika, mwanangu. Rudi nyuma."

Kijana alitoka, akarudi mwisho wa foleni, kichwa chini. Waliomtazama Mama Mashuka hawakumtazama kwa wema. Aliwaona na hakujali. Haki ni haki, alijiambia, na kusema kweli alijisikia vizuri.

Kisha ikafika zamu ya bintiye.

Hawakutazamana. Binti aliingia, akasukuma ukuta kwa miguu, akapasua maji kifudifudi, kwa nguvu, kwa uzuri, na mama akaona mapema kuliko mtu yeyote kwamba anakwenda haraka mno. Mikono ikaanza kuwa mizito. Kichwa kikainuka kutafuta hewa, kikakosa, kikazama, kikainuka.

"Lala!" mama alisema, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti. "Geuka, lala chali!"

Binti hakugeuka. Alishika kamba. Aliishika kwa mkono mzima, mbele ya miguu ya mama yake, akaning'inia, akikohoa. Akainua uso. Macho yao yakakutana. Usoni mwa binti hamkuwa na dharau, wala hasira, wala chuo. Ulikuwa uso uleule wa miaka ile alipokuwa akiota ndoto mbaya na kuita.

Nchi Kavu, upande wa pili, alikuwa amesimama na mti wake. Aliona. Akageuza uso akatazama miti.

"Mama!" naibu msajili aliita kutoka mwisho. "Huyo ameshika?"

Kipenga kilikuwa tayari katikati ya meno yake. Alikitoa.

"Hajashika," alisema. "Amesimama kupumua tu."

Binti akaachia kamba. Akageuka, akalala chali, na polepole, kwa kupiga maji vibaya, akafika ukutani. Naibu msajili akaandika. Binti alitoka, akapita karibu na mama yake anachuruzika, akasimama.

"Mama. Nilishika."

"Nimekuona. Nenda ukajifute, utapata mafua."

Foleni ikaendelea. Msichana aliyefuata alishika kamba kwa mkono mmoja, waziwazi, akaangalia juu kwa woga. Kipenga hakikulia. Aliyefuata akashika, kipenga hakikulia. Mama Mashuka alisimama pale kama nguzo, jua linampiga utosini, na kila naibu msajili alipouliza, alijibu neno lilelile. Hakuwa na namna nyingine. Watoto wale wote walikuwa na mama zao mahali fulani, na hakuna hata mmoja wao aliyepewa kipenga.

Mwisho kabisa akaingia Mlingoti. Safari hii hofu ilikuwa imemmaliza kabla hajaanza. Hakufika hata katikati. Alishika kamba kwa mikono yote miwili, akajivuta nayo, mkono mbele ya mkono, maboya yakigongana.

Naibu msajili alisimama. Akatoka chini ya mwavuli, akaja taratibu ukingoni mpaka akafika alipokuwa Mama Mashuka.

"Huyu je, mama?"

"Hajashika."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Kamba ilikuwa bado inatikisika mbele yao. Naibu msajili aliitazama. Akamtazama mwanamke yule kwa muda, kama mtu anayesoma maandishi aliyoyajua yakabadilika. Kisha akanyoosha mkono, na Mama Mashuka akavua kipenga akamrudishia. Naibu msajili akarudi mezani kwake, akaandika, akafunga kalamu.

Mlingoti alipotoka alikuja hadi alipokuwa, maji yanamtiririka puani.

"Asante, mama."

Safari hii Mama Mashuka alitazama viatu vyake. Aliona haya, haya kubwa kuliko alizowahi kuona maishani. Lakini kama wangemrudisha katikati ya bwawa lile wakamwuliza upya, angesema vilevile.